Asidi ya Majani na Uzima wa Mtoto Tumboni

Kila mkulima ajua ya kuwa mche ukiharibika siku za kwanza za kuota, mbolea ya baadaye haiwezi kuurekebisha. Ndivyo ilivyo kwa mtoto tumboni. Katika siku 28 za kwanza za mimba, utando mwembamba hujikunja ukawa kama bomba, na bomba hilo ndilo liwalo ubongo na uti wa mgongo. Lisipofunga sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi na kupooza miguu. Au ubongo wake haukamiliki, naye hawezi kuishi. Siku hizo hupita wakati akina mama wengi hawajajua bado kuwa wana mimba.

Kinga kubwa ya msiba huo ni asidi ya foliki, mojawapo ya vitamini za jamii ya B. Kazi yake mwilini ni ya uchukuzi: hupeleka vipande vidogo vya kaboni mahali vitakiwapo, ili kila chembe mpya ipate kuumbwa. Ikipunguka, chembe hazigawanyiki vema, na damu hupungua.

Mwaka wa 1928 daktari Mwingereza, Bibi Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu wa wanawake wajawazito. Aliona kwamba Marmite, chakula kitengenezwacho kwa hamira, kiliwaponya. Mwaka wa 1941 wataalamu wa Marekani waliipata asidi hiyo katika majani ya spinachi, wakaiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kisha mwaka wa 1991 uchunguzi uliofanywa katika nchi 7 ulionyesha kuwa, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo, kumeza asidi ya foliki kabla ya mimba kulizuia karibu robo tatu ya maafa hayo yasirudi.

Vyakula vyenye vitamini hii vimo shambani: sukuma wiki, mchicha, kunde na maharagwe. Lakini mboga zikichemshwa mno na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa hupotea. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano uuzwao katika pakiti utiwe asidi ya foliki. Mahindi ya nyumbani yasagwayo kwenye kinu cha posho kwa kawaida hayatiwi kitu.

Kwa hiyo mwanamke atazamiaye kupata mimba hushauriwa kumeza mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla ya mimba hata wiki ya 12. Aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa zaidi, naye yampasa amwone daktari mapema. Mume naye asingoje mpaka tumbo lionekane ndipo amkumbushe mkewe kwenda kliniki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu, ukiisha bomoka, hakuna fundi awezaye kuujenga upya.