Chai ya asubuhi Mwanza, bila ngano

Ukikaa mgahawani Mwanza asubuhi ukaagiza chai, mhudumu atakutajia vitafunwa kwa pumzi moja: chapati, maandazi, sambusa, mkate wa mayai. Vyote ni ngano. Kwa walio wengi hilo si tatizo. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, kila kimoja kati ya hivyo kinamuumiza utumbo, hata siku ambayo hatasikia maumivu yoyote.

Kinachomuumiza ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga uliokandwa uvutike, chapati isukumwe mpaka iwe nyembamba bila kuchanika. Vimeng'enya vyetu haviwezi kuivunjavunja yote. Vipande vinavyobaki hufika kwenye utumbo mwembamba, na kwa baadhi ya watu wenye vinasaba vya HLA-DQ2 au HLA-DQ8, kinga ya mwili huvishambulia kana kwamba ni adui. Katika mapambano hayo, vinavyoumia ni vijidole vidogo mno vilivyotanda kwenye ukuta wa utumbo, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vikishaharibika, madini ya chuma na kalsiamu hupita tu. Mtu anaishiwa damu na vidonge havimsaidii, mtoto anadumaa, tumbo linajaa gesi na kuharisha hakuishi. Inakadiriwa kuwa duniani mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Aliyeuhusisha ugonjwa huu na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Mkate aliushuku tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini kwake, watoto wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, hali zao zikazorota tena. Mwaka 1950 aliandika tasnifu juu ya jambo hilo, na hadi leo tiba ni ileile: kuacha gluteni maisha yote.

Sasa tazama Kanda ya Ziwa ina nini. Mihogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, mtama, ulezi, mahindi, mchele. Wasukuma wana michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Hakuna hata tone la gluteni humo. Uji wa ulezi ndio ningeuweka mbele ya yote, maana gramu 100 za ulezi zina takribani miligramu 340 za kalsiamu, madini yaleyale ambayo utumbo wa mgonjwa ulishindwa kuyafyonza. Ongeza supu ya sato yenye limao na pilipili, ndizi za kuchemsha pembeni, na mtu ameshiba mpaka mchana. Chakula kipo tele. Ngano ndiyo mgeni huku, na sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huagizwa kutoka nje.

Tatizo liko kwenye karai. Kiwango ambacho wagonjwa wengi hukivumilia ni kama miligramu 10 za gluteni kwa siku, wakati kipande kimoja tu cha mkate kina gramu 2 au zaidi. Maana yake, sehemu 1 kati ya 200 ya kipande hicho inatosha kumaliza posho ya siku nzima. Mihogo iliyokaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi si salama tena, kwa sababu moto wa mafuta hauiondoi gluteni. Mayai yaliyokaangwa kwenye kikaango cha chapati, vivyo hivyo. Hata kisu kilichokata mkate kikaenda kwenye siagi kinaacha chembe.

Kisha kuna vyakula ambavyo jina lake halitoshi kukuhakikishia usalama. Kitumbua ni cha mchele, lakini wapo wanaochanganya unga wa ngano kidogo ili kishikane. Bagia ni ya kunde au dengu, nayo hutiwa ngano mara nyingine. Samaki wa kukaanga huweza kupakwa unga kabla ya kuingia kwenye mafuta. Uji wa lishe ndio unaonitia hofu zaidi, kwa kuwa watu huuamini kama chakula cha wagonjwa, na kumbe wasagaji wengi hutia ngano kwenye mchanganyiko wake. Soseji za hotelini nazo mara nyingi zimeongezewa ngano. Kimea cha ulezi kwenye togwa hakina shida. Kimea cha shayiri kwenye vinywaji vya unga vya kukoroga na maziwa kina shida.

Kwa hiyo uliza namna chakula kilivyopikwa. "Shikamoo mama. Mihogo hii imekaangwa karai moja na maandazi?" Mama lishe wa Mwaloni au Nyegezi atakujibu bila kusita, kwa sababu karai ni lake na unga ameukanda mwenyewe. Mara nyingi hilo ni jibu la uhakika kuliko la mhudumu wa hoteli kubwa ambaye jikoni haingii. Ukiwa na shaka, chukua cha kuchemsha.

Ila usiache ngano kwa kukisia. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati bado unakula gluteni. Ukiiacha kwanza, majibu yanaweza kukudanganya. Muone daktari ungali unakula chapati zako, naye akiona haja atakupa rufaa Hospitali ya Bugando kwa uchunguzi zaidi.

Nanyi akina mama na kaka mnaotupikia asubuhi, ombi ni moja na halina gharama: mafuta yakiwa bado mapya, anzeni na mihogo na viazi, maandazi yafuate.