Bustani ya Wanyama Katika Ua wa Nyumba

Mtu asimamaye penye maduka ya Adams Arcade, katika Barabara ya Ngong upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, huona magari, mikokoteni, na watu waendao Soko la Toi kununua nguo. Si rahisi kuwaza kwamba mahali hapo hapafiki kilometa 10 kutoka makao ya simba, vifaru na twiga. Lakini ndivyo ilivyo, kwa maana Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza katika Kenya, imepakana na jiji lenyewe, na eneo lake ni kilometa za mraba 117. Hata hivyo wako watoto wa Woodley, Kibera na Kilimani ambao hawajapata kumwona twiga ila katika picha. Nauli na kiingilio cha watoto watatu au wanne ni mzigo kwa mshahara wa karani. Na mkulima akaaye mbali na Nairobi ana mzigo mkubwa zaidi.

Je, watoto hao wakose elimu ya wanyama? La, hasha. Mzazi mwenye kamba, maboksi matupu na daftari moja aweza kuwafundisha mengi nyumbani, mradi awe tayari kuuliza maswali na kungoja majibu.

Haja ya elimu ya namna hii ilionekana wazi mwezi wa Machi 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wengi wa watoto hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, lakini redio haiwezi kuona kwamba mtoto ameduwaa, wala kumweleza mara ya pili. Tena mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, unataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto wao. Ila kushiriki si kumfanyia mtoto kazi yake. Mzazi akichora simba mzuri usiku, mtoto akiwa amelala, aliyejifunza kuchora ni mzazi. Kazi zifuatazo ni za mtoto mwenyewe; mzazi ni msaidizi tu.

KUPIMA KWA KAMBA

Twiga dume aliyekomaa hufika kimo cha meta 5 na nusu hivi. Mtoto akiambiwa hesabu hiyo huisahau upesi. Basi apewe kamba na rula, apime meta 5 na nusu, kisha ailaze kamba hiyo uani. Ndugu zake walale chini kando yake, kichwa cha huyu penye miguu ya yule, wahesabu ni watoto wangapi wanaotimiza twiga mmoja. Baada ya hayo apime sentimeta 180 kutoka sakafuni, atie alama ya chaki ukutani. Hicho ndicho kimo cha ndama wa twiga siku azaliwapo, au karibu yake. Baba asimame penye alama hiyo, na mtoto aone ya kuwa ndama aliyezaliwa leo yaelekea kuwa mrefu kuliko baba yake mtu mzima!

Kisha mtoto aulizwe: shingo ya twiga ina mifupa mingapi? Wengi hudhani ni ishirini au thelathini. Kwa kweli ni saba, sawasawa na shingo ya mwanadamu. Apange vifuniko saba vya chupa za soda katika mstari mmoja, na kando yake apange makopo saba makubwa yaliyolazwa. Hapo atafahamu, bila maneno mengi, kwamba shingo ya twiga imekuwa ndefu si kwa wingi wa mifupa, bali kwa urefu wa kila mfupa.

HESABU ZA JIKONI

Ndovu mkubwa aweza kula majani na matawi yenye uzito wa kilo 150 kwa siku moja. Mama ashikapo pakiti ya unga ya kilo 2, mtoto na aulizwe ni pakiti ngapi zingelingana na chakula hicho. Jawabu ni pakiti 75. Naye aendelee: familia yetu hutumia pakiti ngapi kwa juma? Ingechukua majuma mangapi kula uzito aulao ndovu kwa siku moja?

Ndani ya mbuga ya Nairobi hakuna makundi ya ndovu, ila kuna makao ya ndovu wachanga waliopotewa na mama zao, yanayoendeshwa na Shirika la Sheldrick. Wadogo hao hunyweshwa maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Mtoto ahesabu: ni mara 8 kwa siku, na mara 56 kwa juma. Ndipo aulizwe ni nani aamkaye usiku wa manane kuwanywesha, naye atatambua mwenyewe kwa nini watunzaji hulala katika mabanda pamoja na ndovu wao.

DAFTARI LA UANI

Si lazima mnyama awe mkubwa ndipo asomwe. Juu ya Soko la Toi mwewe huzunguka akitafuta vipande vya nyama. Katika paa kuna kunguru. Ukutani kuna mjusi. Mtoto akae kimya dakika 10 kila siku, saa ile ile, aandike mambo manne: tarehe, jina la mnyama, alichokuwa akifanya, na alichokula. Mwisho wa juma apange maharagwe katika safu, haragwe moja kwa kila mara aliyomwona mnyama. Safu zitamwonyesha nani huja mara nyingi na nani mara chache. Kisha ajaribu kueleza sababu.

Mtoto wa mkulima ana bahati hata kuliko mwenzake wa mjini. Baba amshike mbuzi na kumfunua kinywa. Mtoto ataona ya kuwa taya la juu halina meno ya mbele. Twiga naye ni vivyo hivyo, tena hucheua kama ng'ombe. Hivyo ajifunzaye juu ya mbuzi wa nyumbani amekwisha kujifunza nusu ya habari za twiga.

MCHEZO WA NJIA YA NYUMBU

Mbuga ya Nairobi ina ua upande wa jiji, lakini upande wa kusini iko wazi. Tangu zamani nyumbu na punda milia walitoka wakati wa mvua kwenda malisho ya Kitengela na nyanda za Athi, wakarudi wakati wa kiangazi kwa sababu ya maji. Miaka hii nyumba, viwanda na nyua zimeongezeka huko, na njia imezidi kuwa nyembamba.

Watoto wacheze jambo hili. Chaki ionyeshe mbuga upande mmoja na malisho upande wa pili. Wao ni nyumbu, wavuke na kurudi. Kila wakirudi, mzazi aongeze kiti kimoja njiani, na mwenye kugusa kiti ametoka. Punde si punde njia itazibika. Hapo mtoto mmoja aseme kwa niaba ya nyumbu, mwingine kwa niaba ya mwenye shamba ambaye ana karo ya kulipa na ng'ombe wa kulinda asiliwe na simba. Kisha wabadilishane. Watagundua kwamba kila upande una haki yake, na kwamba shauri si jepesi. Hata watu wazima wamelitafutia dawa: mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ili wasizungushe ua.

MAONYO

Mtoto asikamate mnyama wa mwitu wala kuharibu kiota kwa kisingizio cha masomo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kumfuga mnyama wa mwitu pasipo kibali. Nyani na tumbili wasilishwe chakula, maana wakizoea huwa wakali. Nyoka atazamwe kwa mbali, au asitazamwe kabisa.

Siku ikifika ambapo fedha zimepatikana, na jamaa wakaenda Lang'ata kuwatazama wanyama wenyewe, mtoto na achukue daftari lake. Hatakwenda kama mgeni wa kushangaa tu, bali kama mtu aliye na maswali, akitafuta yale aliyoyapima kwa kamba. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto aliyezoea kutazama vema, kuhesabu na kusikiliza neno la upande wa pili, atakapokuwa mkubwa na kukabidhiwa ardhi, ataamua kwa busara mahali pa kujenga ua na mahali pa kuacha njia.