Tufunue Kwanza: Funzo la Zulia la Gari

Mvua za masika zilipokwisha, gari letu la nyumbani lilianza kutoa uvundo. Mama watoto alilifukiza udi, nami nikalianika juani siku tatu milango wazi. Zulia likakauka kama kwamba halikuguswa na tone. Lakini asubuhi ya nne uvundo ulikuwa pale pale. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kupatana na mpwa wangu nimuuzie gari hilo. Nikaona dawa ni kulitia zulia jipya, harufu iondoke, biashara ipite.

Nililipeleka kwa fundi wa viti. Mzee huyo alinusa, akatikisa kichwa, akasema, "Sheikh, tufunue kwanza."

Alifungua waya za betri akangoja kidogo, kwani magari mengi ya siku hizi yana waya chini ya viti ziendazo kwenye mikanda na mifuko ya hewa. Kisha akafungua bolti za viti na za mikanda, na mapande ya plastiki yaliyobana zulia vizingitini. Zulia kuukuu alilitoa zima bila ya kulirarua, maana ndilo kipimo cha kukatia jipya.

Chini yake palikuwa na tandiko nene la nyuzi, limenywa maji kama sifongo. Na chini ya tandiko hilo, pale dereva awekapo visigino, kutu ilikuwa imelila bati hata kidole kikapenya.

Nilitahayari. Kila aliyepita chuoni anakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke unyevu ule juu watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Hadithi hiyo nimeisomesha miaka mingi. Siku ile ilinisomesha mimi.

Fundi alitafuta kwanza maji yalikoingilia, akakuta mpira wa mlango umepasuka. Tukaubadilisha. Bati likapigwa brashi ya waya, tundu likachomelewa kiraka, rangi ya kuzuia kutu ikapakwa na kuachwa ikauke kabisa. Tandiko jipya likafuata.

Zulia lenyewe alilianika juani kwanza ili lilainike. Akaanzia kwenye nundu ya katikati, akalisukuma kwa viganja kuelekea milangoni. Penye mabonde akalipasha moto kidogo na kulikandamiza mpaka likashika umbo. Matundu ya bolti aliyapapasa kwa vidole, akapasua msalaba mdogo kwa kisu. Hakutumia keekee, kwani hunasa nyuzi na kuzifumua. Alikata kidogo kidogo, kwa kuwa kilichozidi hupunguzwa, bali kilichopunguka hakirudi. Mbele ya dereva alihakikisha zulia limelala sawasawa, lisije likazuia breki. Mwisho akakaza bolti zote za viti na mikanda, moja baada ya moja.

Mpwa wangu alipokuja, nilimweleza tundu, kiraka na mpira wa mlango. Tukapunguza bei.

"Mjomba," akasema, "ungeninyamazia, nisingejua."

"Ndiyo sababu nimekwambia," nikamjibu.

Sheria yetu humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kukipokea. Lakini khiyari hiyo haimfai aliyekwisha kupata ajali. Basi wewe unayenunua gari, inua pembe ya zulia na upapase chini yake. Na wewe unayeuza, mfunulie mwenzako kabla hajaomba.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe na undani ulio sawa na udhahiri wetu. Amin.