Kina cha Ziwa Victoria: utabiri wa maji unavyogusa bei ya shehena

Msafirishaji anayepeleka mzigo kati ya Mwanza, Kisumu na Port Bell huuliza kwanza bei ya mafuta na ushuru. Ni wachache wanaouliza kina cha ziwa kitakuwaje miezi mitatu ijayo, ingawa ndicho huamua meli itabeba tani ngapi na kama gati litatumika.

Mwaka 2006 kina cha Ziwa Victoria kilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Mei 2020 ziwa lilifika takriban mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita kidogo rekodi ya mwaka 1964 ya mita 13.41. Tofauti ya vipindi hivyo viwili ni karibu mita 3.

Kwa mfanyabiashara, hasara iko pande zote mbili. Maji yakipungua, meli hupunguza mzigo ili isiguse chini. Tuseme meli ya tani 1,000 inapakia tani 800 huku gharama ya safari ikibaki ile ile: gharama kwa kila tani inapanda kwa asilimia 25. Maji yakijaa, magati na mialo hufunikwa, na malori hukwama nje na mzigo.

Kwa nini nchi moja haiwezi

Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Yanayobaki huletwa na mito, mkubwa kuliko yote ukiwa Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi. Maji mengi hupotea kwa mvuke, na mengine hutoka Jinja kupitia Mto Nile. Kwa hiyo hakuna nchi yenye takwimu zote mkononi.

Hilo lilionekana mapema. Baada ya mafuriko ya 1961 hadi 1964, nchi za eneo hili zikishirikiana na Umoja wa Mataifa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) zilianza mwaka 1967 utafiti wa pamoja wa mvua na mito ya maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert. Mwaka 1999 ulianzishwa Mpango wa Bonde la Mto Nile (NBI), wenye makao yake Entebbe, ambao kazi zake ni pamoja na kubadilishana takwimu za maji.

Satelaiti nazo zimesaidia. Tangu TOPEX/Poseidon ya Marekani na Ufaransa irushwe mwaka 1992, kina cha ziwa kinaweza kupimwa kutoka angani bila kusubiri ripoti ya serikali yoyote. Kulipozuka ubishi wa mwaka 2006, wachambuzi walikadiria kuwa karibu nusu ya upungufu ulitokana na ukame. Sehemu iliyobaki ilitokana na maji yaliyoachiwa Jinja kupita kanuni ya zamani, inayotaka mabwawa yatoe kiasi ambacho mto ungetoa wenyewe.

Tabiri mbili, maamuzi mawili

Utabiri wa kwanza ni wa saa na siku: upepo, mawimbi na dhoruba. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya WMO kwa fedha za Uingereza, uliziunganisha idara za hali ya hewa za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda katika kazi hiyo. Huo unamwambia nahodha kama ang'oe nanga leo.

Wa pili ni wa msimu. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD (ICPAC) hutoa utabiri kabla ya kila msimu wa mvua. Ziwa hujaa polepole: mvua kubwa za Oktoba hadi Desemba 2019 zilifuatiwa na kilele cha maji Mei 2020. Hiyo ni miezi mitano ya kujipanga kwa anayefuatilia.

Tatizo ni kwamba miradi ya utafiti huisha fedha zake zikiisha, na kituo cha kupima mto kisipotunzwa, utabiri unadhoofika. Mvua ya Rwanda au maji yanayoachiwa Jinja yakikosa kuripotiwa kwa wakati, anayekosea hesabu ni mwenye shehena aliyeko Mwanza au Kisumu.

Kwa sasa, wasafirishaji wanaweza kusoma utabiri wa msimu kabla ya kusaini mkataba, kuuliza kipimo cha maji kwenye gati la kupakia na la kushusha, na kuandika wazi nani atalipa meli ikishindwa kubeba mzigo kamili.