Butembo na Beni: Nani ana nafasi ya kusomea anestezia?

Kila mara matokeo ya mtihani wa serikali, Exetat, yanapotoka, familia za Butembo na Beni hurudia hesabu zile zile: mtoto amepata asilimia ngapi, na ataingia wapi? Kwa kijana anayetaka kusomea anestezia, yaani kumlaza mgonjwa kabla ya upasuaji na kumwamsha salama, hesabu hiyo haitoshi.

Asilimia 50 inampa mtu diploma ya serikali, na diploma hiyo ndiyo ufunguo wa taasisi za juu za ufundi wa tiba, zile ISTM. Lakini si kila ISTM ina idara ya anestezia. Wapo wanaojiandikisha kwa haraka, halafu wanajikuta kwenye uuguzi wa kawaida. Swali la kwanza ofisini liwe hilo, kabla hata ya kutoa pesa ya fomu. La pili: je, idara hiyo imekubaliwa na wizara ya elimu ya juu?

Halafu kuna vita. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, mzazi wa Butembo hawezi tena kumtuma mtoto huko kama zamani. Barabara ya Goma inavuka mstari wa mapigano. Wengine wanatazama Uganda kupitia Kasindi. Huko pia wanafundishwa wataalamu wa anestezia wasio madaktari, ila masomo ni kwa Kiingereza, na diploma ya nje inahitaji kutambuliwa na serikali kabla ya kupata kazi Kongo.

Uwezo wenyewe unaweza kupimwa nyumbani, kwa kalamu. Ketamini, dawa inayotumika sana katika hospitali ndogo, hutolewa kwa uzito wa mgonjwa. Mama wa kilo 60 akipangiwa miligramu 2 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 120. Kama chupa ina miligramu 50 katika kila mililita, atachomwa mililita ngapi? Jibu ni 2.4. Anayeandika 24 amemzidishia mama huyo dawa mara kumi. Aliyekimbia hesabu na kemia shuleni atateseka tangu mwaka wa kwanza, hata akiwa na asilimia 65.

Wauguzi wa A2 wako katika hali nyingine. Wanajua chumba cha upasuaji, wameshika mkono wa mgonjwa anayetapika baada ya kuamka, nao hawaogopi damu. Kinachowakwamisha mara nyingi ni mshahara: chini ya mfumo mpya wa LMD, ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022, licence inachukua miaka mitatu, na nyumbani watoto wanataka kula.

Linabaki suala la mafunzo ya vitendo, ambalo wengi hawaliulizi. Mwanafunzi atapelekwa hospitali gani? Huko wanapasua watu wangapi kwa wiki? Je, kuna oksijeni, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu? Taasisi isiyo na majibu hayo inaweza kumpokea kila anayebisha hodi, na ndiyo sababu nafasi yake ni rahisi kupatikana.