IST au Fit: hesabu ya mnunuzi wa Kigoma

Golf GTI ilipotoka Ujerumani mwaka 1976, na Peugeot 205 GTI ikaijibu kutoka Ufaransa mwaka 1984, Ulaya ilipata ubishi usiokwisha juu ya kigari kipi kidogo kinachokimbia zaidi. Kigoma nako ubishi huo upo, ila magari ni ya Kijapani na yametumika kabla ya kufika: Toyota IST na Honda Fit.

Kwa mbio peke yake hakuna cha kubishania. IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, ikiwa na injini ya cc 1500 ina nguvu za farasi 109. Fit ya cc 1500 ya miaka hiyohiyo ina 110. Farasi huyo mmoja aliyezidi hana pa kukimbilia katika barabara ya Mwanga kwenda Ujiji, palipojaa bodaboda. Anayetaka mbio hasa atafute Vitz RS ya gia za mkono: injini ni ileile ya IST.

Ushuru nao haumwokoi mtu. Magari haya ya kizazi cha kwanza yote yameshapita miaka 10, kwa hiyo yanaangukiwa na ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na injini za cc 1300 na 1500 zimo katika daraja moja la ushuru wa bidhaa. Anayechukua 1300 akidhani amemkwepa TRA kwa kiwango cha kodi, amejidanganya.

Tofauti yenyewe imo ndani ya boneti. Injini ya IST ya 1500, inayoitwa 1NZ, ndiyo iliyomo kwenye Raum, Ractis, Spacio na, muhimu zaidi, Probox. Probox ndiyo mchomoko wa abiria, gari ambalo likilala siku moja tajiri wake anakosa hesabu. Duka la spea linapojaza plagi, filta na pampu za maji za 1NZ, linamfikiria dereva huyo. Mwenye IST anafaidi tu. Na soko haliishii mpaka wa Manyovu, kwani hata Bujumbura Probox zinabeba abiria kila siku.

Fit haina ndugu wengi hivyo. Injini yake ya 1300 ina plagi nane, mbili kwa kila silinda, na wengi hushtuka wanapotajiwa bei ya kubadilisha zote. Giabox yake ni ya CVT, nayo inataka mafuta maalumu ya Honda. Fundi akitia yoyote aliyoyakuta dukani, gari huanza kutetemeka linapoondoka. Spea ikikosekana hapa, inaagizwa Dar es Salaam, yapata kilomita 1,250 kwa njia ya reli, na gari linasubiri.

Hata hivyo, wanaoidharau Fit wanaionea. Mwaka 2002 iliongoza kwa mauzo Japani na kuivua Corolla taji ililolivaa miaka 33 mfululizo. Wahandisi wake waliweka tangi la mafuta chini ya viti vya mbele, kwa hiyo makalio ya viti vya nyuma yanainuliwa na kuacha nafasi ndefu kutoka sakafuni. Madumu ya mawese yanasimama wima humo bila kumwagika, na magunia ya dagaa kutoka Kibirizi yanapata pa kukaa. Kwa mfanyabiashara wa sokoni, hicho ni kitu kikubwa kuliko farasi wote 110.

Mimi ningemshauri mwajiriwa anayenunua kwa mkopo achukue IST. Akikwama katikati ya marejesho ataiuza upesi, maana mnunuzi wa pili naye anajua spea zipo. Fit imfae yule mwenye fundi anayeijua CVT, na anayeipata kwa bei iliyopungua vya kutosha kulipia giabox siku ikigoma.

Akishaipata, asikubali kuijaribu ikiwa imeshawashwa na dalali. Aikute injini ikiwa baridi, aingize gia, aachie breki polepole bila kukanyaga mafuta. Ikitetemeka, aulize giabox ilitiwa mafuta gani na lini. Muuzaji akibabaika, ashushe bei au aondoke.