Mount Gelai: Kufufua injini ya mvuke si kazi ya rangi tu

KATIKA Makavazi ya Reli jijini Nairobi kumesimama injini mbili za mvuke zinazobeba majina ya milima ya Tanzania: Mount Gelai, nambari 5918, na Mount Shengena, nambari 5930. Ndizo pekee zilizosalia kati ya injini 34 za aina hiyo.

Kwa mgeni anayezitazama, zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Hata hivyo, mnamo 2001 Mount Gelai ilifufuliwa, ikawashwa moto na kutembea tena relini, takriban miaka 20 baada ya wenzake kuondolewa kazini.

Ufufuzi huo unaonyesha kwamba kuna njia mbili za kuhifadhi chombo cha aina hii. Ya kwanza ni kukipaka rangi na kukisimamisha kitazamwe. Ya pili, iliyo ngumu na ghali zaidi, ni kuhifadhi pia ujuzi wa kukifanya kiende.

Injini hizo ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950. Zilinunuliwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo sababu kila moja ilipewa jina la mlima wa eneo hili bila kujali mipaka.

Kazi yake kuu ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, safari ya kilomita 530 hivi inayoanzia ufuoni mwa bahari na kupanda zaidi ya mita 1,600. Ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, hapakuwa na injini ya mvuke iliyoishinda nguvu katika reli zote za upana wa mita moja duniani.

Siri yake ni muundo uliobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt na kusajiliwa mwaka wa 1907. Boila, yaani tangi kubwa la kuchemshia maji, imening'inizwa katikati, juu ya fremu imara. Mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu, kila moja ikiwa na silinda na pistoni zake.

Kwa njia hiyo uzito husambazwa juu ya magurudumu mengi, na injini hujipinda katikati inapopita kwenye kona kali. Reli nyepesi huweza kubeba mashine nzito bila kupasuka.

Moyo wa injini

Anayetaka kuifufua injini ya namna hii huanza na boila. Ndani yake maji hugeuka mvuke wenye shinikizo linalofikia ratili 225 kwa kila inchi mraba, yapata mara 15 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Bati likiwa limeliwa na kutu, shinikizo hilo linaweza kulipasua na kuua walio karibu.

Kwa hivyo mafundi huibambua ngozi ya nje, kisha hupima unene wa mabati sehemu baada ya sehemu. Mabomba yanayopitisha moshi wa moto katikati ya maji hung'olewa na kuwekwa mengine. Vyuma vinavyoshikilia kuta za tanuri hugongwa kimoja kimoja kwa nyundo, na fundi mzoefu hutambua kilichokatika kwa kusikiliza mlio wake.

Kazi hiyo ikikamilika, boila hujazwa maji baridi na kushindiliwa kupita kiwango cha kawaida cha kazi. Maji baridi hutumika kwa sababu bati likishindwa, maji huvuja tu, ilhali mvuke ungelipuka. Ni baada ya hapo tu ndipo moto huwashwa, tena polepole kwa saa nyingi, ili chuma kitanuke kwa usawa.

Katika injini ya Garratt kuna kazi ya ziada. Mabomba ya mvuke hutoka kwenye boila isiyopinda hadi kwenye seti za magurudumu zinazopinda, na maungio yake sharti yacheze bila kuvuja.

Vipuri havinunuliki dukani. Kampuni ya Beyer, Peacock ilifunga milango yake mwaka wa 1966. Kinachokosekana lazima kichongwe upya kwenye karakana kwa kufuata michoro ya zamani, ambayo mingi imehifadhiwa katika makavazi ya sayansi na viwanda mjini Manchester. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ujuzi unaozeeka

Michoro haitoshi. Uingereza, iliyozaa injini za mvuke, ililitambua hilo wapenzi wa reli walipoamua kuunda injini mpya ya muundo wa kale, iliyoitwa Tornado na kukamilika mwaka wa 2008. Boila yake iliundwa katika karakana ya Meiningen, Ujerumani, ambako kazi ya mvuke haikuwa imekoma.

Nchini Kenya, hali haina tofauti kubwa. Kijana aliyekuwa mwanagenzi wa miaka 20 mwaka wa 1980 sasa amepita umri wa kustaafu. Kila fundi wa aina hiyo anayeaga dunia bila kumrithisha mwingine, huondoka na maarifa ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Ufufuzi nao haufanywi mara moja ukaisha. Nchini Uingereza ni desturi boila kufunguliwa na kukaguliwa upya kila baada ya miaka kumi hivi. Injini isiyotumika haipumziki, kwani unyevu unaobaki ndani huendelea kula chuma kimyakimya, na mvua huipata kutoka nje.

Wapo wanaohoji kwa nini fedha zitumike kwa mashine ya kale ilhali reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017. Hoja hiyo ina uzito, na si lazima kila injini iwashwe moto. Baadhi zinafaa kuachwa kama zilivyo, kwa sababu kila kipuri kipya huondoa sehemu ya historia ya chombo.

Lakini kuwa na injini mbili pacha ni bahati. Mount Shengena inaweza kubaki kielelezo, nayo Mount Gelai iwe darasa ambamo wazee wa karakana wanawafundisha vijana wa vyuo vya ufundi. Chuma kinaweza kungoja kidogo kikikingwa mvua. Walimu hao hawawezi.